Gauni la Mwaitu

Kama una dakika chache, nisikilize. Nitaenda polepole, na pale ambapo jambo la kwetu linahitaji kuelezwa nitalieleza, usiwe na wasiwasi. Ninataka nikuchoree fundi wa cherehani wa kwetu Tawa, yule aliyewashonea watoto wangu watatu nguo za Krismasi tangu walipoanza kutembea hadi walipoanza kuona aibu kuvaa kitambaa kimoja wote watatu. Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, sijui. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Sote tulimwita Fundi, hata mkewe.

Wakati huo ulikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mwalimu wa nasari, mume wangu alikuwa kibarua wa kudumu katika kituo cha utafiti wa kilimo pale Kiboko, na alikuja nyumbani mara chache kwa mwaka. Krismasi hakukosa. Tuliishi boma moja na mamake.

Shule zilipofungwa, nyumba ilibadilika. Ni msimu wa palizi kwetu, mvua ya vuli imeshika, na watoto wako nyumbani kutwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kupalilia. Anachoweza ni kukanyaga mahindi na kukuambia ana njaa. Binti yangu mkubwa, Mumbua, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa amepewa mistari ya kukariri kanisani siku ya Krismasi, na alikuwa akiikariri chooni, mtoni na juu ya mgongo wa mbuzi. Mdogo wake, Kioko, alihesabu Jumapili zilizobaki. Lakini alijua kuhesabu hadi tano tu, kwa hiyo zilipokuwa zaidi ya tano jibu lake lilikuwa, "Bado ziko nyingi." Yule wa mwisho alikuwa akila sabuni. Mzazi mwenye watoto wa umri huo ananielewa. Krismasi haiji kwa kengele, inaanza na watoto kugombania nani ataoshwa kichwa mwisho.

Na katikati ya hayo yote kulikuwa na safari ya kwenda kwa Fundi.

Duka lake lilikuwa pale mabasi yaliposimama, chumba kimoja chenye veranda. Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, veranda ile ilijaa akina mama na vitambaa vyao mapajani, na watoto chini yao. Fundi hakuwapima watoto kwa tepu. Alikuwa nayo shingoni, lakini ilikuwa ya watu wazima. Alimwambia mtoto ainame, ageuke, ainue mikono, achuchumae kama anatafuta kitu. Kisha alitazama dari kidogo na kuanza kukata.

"Ukimpima amesimama wima anajifanya polisi," alisema. "Anavuta tumbo. Halafu siku ya sikukuu anakula chapati sita, vifungo vinaruka."

Tena hakumkatia mtoto nguo ya Desemba. Alikata ya Aprili. Pindo aliacha pana, vidole vinne vizima, na mikono ilishuka hadi kwenye vidole. Akina mama walilalamika kila mwaka.

"Fundi, hii ni gauni ama ni hema?"

"Ngoja mwezi wa nne, utakuja kunisalimia."

"Na saa hii atatembea nayo vipi?"

"Kwani anaenda wapi? Si kanisani na kurudi?"

Alisema hapendi watoto, na alilisema hilo mbele yao. "Watoto wenu ni kelele iliyoota miguu," alituambia. Wakati huohuo, chini ya cherehani yake kulikuwa na gunia la lapu, vile vipande vinavyobaki baada ya kukata. Watoto walizitaka za kutengenezea mipira na wanasesere. Hakuwahi kumpa mtoto hata kipande kimoja kwa mkono. Ila nilimwona zaidi ya mara moja, miguu ikiendelea kukanyaga mashine, akilisogeza gunia lile kwa kisigino, kidogo kidogo, hadi likafika mlangoni ambapo mkono mdogo ungeweza kulifikia. Kisha alipiga kelele, "Nani anaiba lapu zangu!" na watoto wakatimua mbio na furaha yao.

Kanisa letu lote lilivaa mishono yake, lakini yeye hakuingia. Asubuhi ya Krismasi aliketi kwenye veranda na koti lake lililong'aa viwiko kwa uzee, akatazama watu wakipita. Mchungaji alipomwalika alijibu, "Nikikaa nyuma yenu nitaangalia mabega. Sitasikia mahubiri." Kweli, ukipita mbele yake ulihisi jicho likitembea kwenye mshono wako kutoka kwapani hadi kiunoni.

Kuna tabia moja zaidi, na hii ishike, maana ndiyo iliyoniponza. Fundi hakuandika kitu. Mafundi wengine walikuwa na daftari: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu. Yeye hakuwa nalo. Ulimwambia mara moja unataka kola gani na vifungo vya rangi gani, naye hakukuuliza tena. Hakuna mtu Tawa aliyewahi kumwona ameshika kalamu. Kwa hiyo watu walianza kusema, polepole na bila ubaya, kwamba labda hajui kusoma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwalimu huona upesi, au hudhani ameona.

Sasa nikueleze neno lenyewe.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupenda sauti yake. Binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Mama mkwe wangu aliitwa Mumbua, na binti yangu akaitwa Mumbua. Na kwa sababu ni mamake aliyerudi udogoni, baba hamwiti binti huyo kwa jina. Anamwita mwaitu, yaani mama yangu. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na mwaitu wawili katika boma moja. Alipokuwa nyumbani akiita "Mwaitu!" sauti mbili ziliitikia, moja nzito kutoka jikoni na moja nyembamba kutoka juu ya mti. Tulicheka. Mimi nami sikuweza kupaza sauti, "Mumbua, njoo upanguswe kamasi," mama mkwe akiwa uani, maana mke hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Ilibidi niende nikamtafute kwa miguu.

Ana kwa ana neno hilo halileti shida, maana anayeita anaelekeza macho. Barua haina macho.

Mwaka huo, siku ya soko, basi lilitoka njia ya Kiboko na utingo akashusha kifurushi kwa Fundi moja kwa moja, akitaja jina la mume wangu. Mume wangu alitaka kunishtukiza. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maua madogo ya buluu, na kijibarua. Utingo ndiye aliyekisoma kwa sauti, basi likinguruma, na alisoma mstari wa kwanza tu kabla dereva hajampigia honi: "Fundi, mshonee mwaitu gauni ya Krismasi." Akamrushia Fundi karatasi na kukimbia.

Chini ya veranda ile, akiuza maharagwe kwa mkebe kama kila siku ya soko, alikuwa ameketi mama mkwe wangu. Alisikia. Aliuza mkebe uliobaki na kwenda nyumbani.

Mimi habari zilinifikia jioni kwa jirani: kitambaa cha Mumbua kimekuja kutoka kwa babake. Nilimwambia binti yangu palepale, na hapo ndipo nilipokosea kwanza, kwa sababu mtoto wa miaka sita ukimwambia gauni, tayari amelivaa. Usiku huo alikariri mistari yake akishika pindo la nguo ambayo haikuwapo.

Siku ya tatu nilimpeleka. Veranda ilikuwa imejaa. Fundi alikuwa amesimama kwenye meza yake na kile kitambaa cheupe kimekatwa. Nilitazama kipande cha mgongo. Kilikuwa kipana mara mbili ya mtoto wangu.

"Fundi, hiyo ni ya nani?"

"Ya mwaitu."

"Mwaitu ni huyu." Nikamsukuma Mumbua mbele.

Alimtazama mtoto, akatazama mkasi. "Mwaitu alikuja jana. Nimempima."

"Mama mkwe?"

"Kwani kwenu kuna mwaitu wangapi?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka, halafu wakaona uso wangu wakaacha. Nikamwambia anipe barua niisome.

"Imepotea. Labda iko kwa lapu."

"Fundi, kitambaa ya mtoto utakataje bila kuuliza?"

"Mimi siulizagi."

Hapo Mumbua akauliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya kanisani, "Na yangu iko wapi?"

Sitasahau kwamba Fundi hakumdanganya. Mtu mwingine angemwambia yako inakuja. Yeye alichuchumaa hadi wakawa sawa, akasema, "Yako haiko. Kitambaa ilikuwa moja na nimeshaikata. Utavaa ile ya mwaka jana, nitashusha pindo."

Kununua kitambaa kingine haikuwezekana. Desemba ile ilikuwa imeshanunua viatu jozi tatu. Mumbua alilia njia nzima, na kesho yake akaendelea. Nguo ya mwaka jana Fundi aliirudisha ikiwa imeshushwa pindo na kupigwa pasi hata kola, bila malipo, lakini pale pindo la zamani lilipokuwa kulibaki mstari, kwa sababu sehemu ya nje imepauka na iliyofichwa bado ni mpya. "Mama, hii iko na barabara," Mumbua alisema. Siku ya Krismasi alisema mistari yake yote bila kukosa, mkono mmoja umefunika barabara ile.

Lakini nimeruka siku moja. Mume wangu alifika alasiri, siku mbili kabla. Mamake alikuwa amevaa gauni. Alikuwa akipukusa mbaazi za kijani, kazi ambayo hakuna mtu huivalia nguo mpya, na alikuwa ameketi mahali ambapo mtu akitoka barabarani lazima amwone kwanza. Gauni lilimkaa. Nimeona nguo nyingi, na nitasema tu kwamba lilimkaa. Mabega yalikuwa yake, kiuno kilikuwa chake, na vifungo vilishuka kifuani vimejipanga.

Mume wangu alisimama na mzigo mkononi.

"Ulinikumbuka," mamake akamwambia.

Alinitazama mimi. Alimtazama Mumbua mlangoni, na ile nguo ya mwaka jana. Kisha akamtazama mamake, akasema, "Ĩĩ, mwaitu," yaani ndiyo, mama yangu.

Tulipobaki wawili ndani aliniambia alimaanisha mtoto. "Niliandika hata vifungo viwe mgongoni. Mzee gani anafungwa vifungo mgongoni? Nani atamfunga?"

"Huyo mtu hajui kusoma," nikasema.

"Basi usimwambie mama."

Sikumwambia mama. Niliwaambia wengine wote.

Sikuwa na hasira ya kelele. Nilieleza kwa upole, kama nilivyoeleza kila kitu, bila kulitaja gauni, kwamba Fundi ni mtu mzuri lakini jamani, ukimtumia maandishi, nenda ukamsomee. Neno la mwalimu linatembea. Waliokuwa wakimtumia vijibarua pamoja na vitambaa waliacha, au walikuja wenyewe na kusimama mbele ya mashine. "Fundi, nikusomee?" walimwambia, na wengine walisema hivyo kwa mzaha hata alipokuwa ameshika gazeti la kufungia nguo. Fundi mwingine alifungua duka ng'ambo ya barabara, mwenye daftari na kalamu sikioni, na wenye waume wa mbali walihamia huko. Yule wetu aliendelea kukanyaga mashine. Aliyemtania sana aliambiwa tu, "Miwani yangu imekataa kazi." Sikumwona akivaa miwani wakati ule.

Mimi sikuhama. Niliendelea kumpelekea watoto, nikajiona mwema kwa hilo.

Mama mkwe alilivaa gauni lile miaka mingi, kanisani na kwenye mazishi ya wengine. Alipolifua alilianika mwenyewe na kuliketia karibu, kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege. Watu walipomsifia hakusema ni zuri. Alisema, "Ni la mwanangu."

Fundi aliondoka Tawa miguu yake ilipoanza kukataa mashine. Binti yake alikuwa na duka mjini Mwingi, akamchukua. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mumbua alikuwa ameajiriwa kama muuguzi huko Mwingi, akapata mtoto, nami nikaenda kumsaidia wiki za kwanza, kama desturi ilivyo. Nilitumwa sabuni. Nikapita pale malori ya njia ya Garissa yanapoegeshwa, nikasikia sauti ninayoijua ikisoma.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la bintiye, miwani puani. Mbele yake alisimama mwanamke Msomali, mwenye duka la jirani, na karatasi ilikuwa mkononi mwa Fundi. Barua ndefu, mwandiko mdogo wa mtu anayebana nafasi. Aliisoma bila kukwama, alama na vituo vyote, na mahali pa habari za mgonjwa alishusha sauti ili wapita njia wasisikie. Alipomaliza mwanamke akasema, "Ahsante mzee, kesho utaniandikia jibu," akaenda.

Nilisimama pale na sabuni yangu.

"Fundi," nikasema. "Kwani unajua kusoma?"

Alinitambua mara moja. "Mama Mumbua. Umenenepa. Keti."

"Nimekuuliza."

"Nilijua tangu zamani. Nilisoma misheni mpaka darasa la sita."

"Na ile barua ya Kiboko?"

"Niliisoma. Vifungo mgongoni, mikono ya kufura. Ilikuwa ya mtoto." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Alikuja asubuhi, kabla sijafungua. Alikuwa ameoga, miguu amepaka mafuta. Kwa matope ile ya vuli, miguu imepakwa mafuta! Akaniambia, 'Nimekuja kupimwa.' Sasa ningemwambia nini? Rudi nyumbani, si wewe?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ungesema, wacha tu, tutamtafutia nyingine. Ungetafuta wapi? Miaka yote uliniletea nguo zako umechoka nazo, nipunguze kiuno ziwe za mama mkwe wako. Nilipunguza tano, ama sita. Huyo mama sikuwa nimewahi kumwekea tepu na kitambaa mpya." Akairudisha miwani puani. "Hakujua hata asimame vipi. Aliinua mikono juu kama watoto."

Nguo zile nilizikumbuka zote. Zilikuwa safi, nilizifua kabla ya kumpa, na sikuwahi kuliona hilo kama kosa.

"Tulisema hujui kusoma," nikasema. "Mimi nilisema."

"Nilisikia."

"Ulikosa kazi."

"Nilikosa. Ningesema najua kusoma, mama mkwe wako angejua gauni si yake. Si hiyo ndiyo ingefuata?" Lori likapita na vumbi lake, akangoja lipite. "Hiyo hainisumbui. Yule mtoto alilia siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili," akarudia. "Hiyo ndiyo inanisumbua."

Nilimwambia mtoto yule sasa ni muuguzi pale juu, na ana mtoto wake, msichana. Akauliza ana uzito gani, nikamwambia. Akatazama juu kidogo, kama anavyofanya, akasema nimwambie mamake asinunue nguo za kumtosha.

Mama mkwe wangu alikuwa amezikwa mwaka wa pili wakati huo. Alikwenda akiamini alichoamini, na mume wangu hajawahi kusema tofauti, hata sasa tukiwa wawili. Kwa hiyo mimi nimechelewa. Ninakuandikia wewe ambaye bado una bibi wa watoto nyumbani, na najua huna nia mbaya, kama ambavyo mimi sikuwa nayo. Ni jambo rahisi na unaliweza.

Desemba hii, kabla hujawapeleka watoto kwa fundi, mpeleke bibi yao kwanza. Mnunulie kitambaa kipya, mwache aseme mwenyewe anataka kola gani, na wewe nyamaza mpaka amalize.